Mbwa Asiyekuwa Mifugo

Siku nilipokabidhi ofisi, dada aliyekuja kunipokea aliuliza maswali mazuri. Aliuliza friji ya chanjo inashika baridi kwa muda gani umeme ukikatika. Aliuliza barabara ya kijiji gani haipitiki wakati wa masika, na kwa nini dirisha la stoo limefungwa kwa waya. Yote nilimjibu. Kisha akauliza, "Na mbwa je, mzee? Mtu akija na mbwa mgonjwa, nifanyeje?"

Nikamwambia hilo tutazungumza. Hatukuzungumza. Watu walikuwa wananingoja na soda na hotuba, na hotuba zilikuwa ndefu. Kwa hiyo namwandikia hapa, yeye na wenzake wanaoanza kazi hii. Vyeo vyangu sitavitaja, havikuwahi kumponya mnyama yeyote.

Nilizaliwa Singida. Nilipomaliza chuo cha mifugo nikapangiwa Tarime, kata ya Susuni. Nilifika na sanduku moja la bati, koleo la kuhasi nililokabidhiwa wilayani, na kipimajoto cha kioo ndani ya kifuko chake. Kipimajoto kile kilidumu siku nne. Nilikiweka kwa ng'ombe mmoja mkorofi, nikageuka kuandika jina la mwenye mali kwenye daftari, nilipogeuka tena hakikuwepo. Mpaka leo sijui ng'ombe yule alikipeleka wapi. Mnaoanza kazi, fungeni kipimajoto kwa uzi mrefu, na mwisho wa uzi muweke kibanio cha nguo cha kubana mkiani. Chuoni hawakutuambia. Nadhani walimu wetu nao waliona aibu kusema vilipotelea wapi vya kwao.

Aliyenifundisha kazi Susuni alikuwa Mzee Mwita, msimamizi wa josho. Hakuwa na cheti chochote, ila wafugaji walimwita yeye kwanza, mimi baadaye, kama mtu anavyoita shahidi. Wiki yangu ya pili tuliitwa kwa ng'ombe aliyevimba tumbo. Alikuwa amekula majani mabichi yenye umande, ubavu wa kushoto umetuna kama ngoma, ulimi uko nje. Mimi nilifungua kitabu. Kweli kabisa, nilikitoa kwenye mkoba nikaanza kutafuta ukurasa.

"Mura," Mzee Mwita akaniambia, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "ng'ombe hawezi kukungoja usome."

Akanishika mkono, akaupeleka kwenye shimo lililo kati ya mbavu na nyonga, akanionyesha kwa upana wa kiganja mahali pa kutoboa. Nikatoboa. Hewa ikatoka kwa kishindo na harufu ambayo shati langu liliikumbuka wiki nzima. Ng'ombe akasimama, akaanza kula kana kwamba sisi ndio tuliomchelewesha. Mzee Mwita akasema jambo moja tu: ukiitwa, nenda kwanza, halafu ndiyo ufikirie.

Miaka mingi nililifuata neno hilo kwa ng'ombe. Nimevuka mito kifua wazi kwa ajili ya ng'ombe. Nimezalisha ndama mkono wangu ukiwa ndani mpaka begani, nimelala kwenye tope, nimepigwa teke la paja ambalo bado linanitabiria mvua. Nilipohamishiwa upande wa Genkuru nilikuta watu wa kila mkoa, waliofuata kazi za mgodini na biashara zake, na hao walikuja na mambo mapya. Mama lishe mmoja aliniletea paka ndani ya kapu akitaka nimtazame jicho. Nilicheka mbele yake. Nilimwambia nina homa ya mapafu ya ng'ombe vijiji viwili, yeye ananiletea paka. Akafunika kapu lake akaondoka. Jicho lile lingeponywa na mafuta ya tyubu niliyokuwa nayo mfukoni.

Nataka mwelewe mawazo yetu yalikuwa wapi. Fomu zetu za kila mwezi zilikuwa na safu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na kuku. Mbwa alikuwa na ukurasa wake peke yake, wa kichaa cha mbwa: waliochanjwa, walioua au kung'ata, waliouawa. Yaani mbwa alikuwepo kwenye karatasi zetu kama hatari tu. Mbwa anayeumwa tumbo, mbwa aliyevunjika mguu, mbwa anayeshindwa kuzaa, huyo hakuwa na mahali pa kuandikwa. Na kitu kisichokuwa na mahali pa kuandikwa, ofisini hakipo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Natta, kwenye wilaya ya Serengeti. Pale mbwa ana kazi. Fisi wanaingia mpaka kwenye mazizi, na tembo wakipenda mahindi yako hawabishi hodi. Mbwa akibweka, mwenye shamba anapata dakika chache za kuwasha tochi na kupiga madebe. Ungedhani basi mahali kama hapo mbwa wangeheshimiwa. Walilishwa ukoko wa ugali na walipigwa mawe, na wakifa walitupwa kichakani.

Mwalimu Tumaini hakuwa hivyo. Alitoka Rungwe, alifundisha darasa la pili, aliishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho ya walimu, ile inayopakana na pori. Alikuwa na mbwa jike mwekundu aliyeitwa Tangawizi. Mwaka wa kwanza alipomleta kuchanjwa, watu kwenye foleni walicheka kwa sababu alikuwa amemwogesha. Mwingine akasema, "Mwalimu, huyo anaenda kipaimara?" Mwalimu akacheka nao. Alinieleza kwamba msimu uliopita mbwa huyo alimzuia kutoka nje alfajiri, akamzibia mlango akinguruma, mpaka kulipopambazuka akaona nyoka, swila, amejikunja kwenye ngazi. "Ndugu zangu wako mbali, Bwana Mifugo," alisema. "Huyu ndiye wa kwangu hapa."

Niliandika chanjo kwenye kadi, nikampa namba yangu ya simu. Nilimwambia akipata tatizo anipigie. Hilo ndilo tunalowaambia wote.

Alinipigia Jumanne moja, saa moja asubuhi. Nilikuwa nafunga boksi la barafu kwenye pikipiki, naenda kijiji cha jirani kuchanja ng'ombe. Sauti yake ilikuwa ya haraka.

"Shikamoo, Bwana Mifugo. Tangawizi alianza uchungu jana jioni. Amezaa watoto wawili alfajiri. Wa tatu naona anasukuma tu, hatoki. Masaa mawili sasa."

"Marahaba, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi. Mbwa wanajizalia wenyewe. Mpe muda."

"Huwezi kupita hapa? Ni njiani."

Ilikuwa njiani. Ningepinda kushoto kwenye shule, dakika kumi. Nilimwambia wafugaji wameshakusanya ng'ombe na chanjo inapoteza nguvu kwenye joto. Yote ni kweli, na barafu niliyokuwa nayo ingetosha mpaka jioni.

Saa tatu na nusu akapiga tena. Mimi nilikuwa kwenye kibanio cha ng'ombe, uchochoro wa miti wanamopita mmoja mmoja wachanjwe, simu nimeibana kwa bega.

"Sasa yanatoka maji ya kijani," alisema.

Hapo nataka msome polepole. Maji ya kijani kwa mbwa, kama mtoto hajatoka, maana yake kondo la nyuma limeachia na mtoto anakosa hewa. Ni dharura. Nilifundishwa hilo chuoni, kwenye somo la mara moja, Ijumaa mchana, wengi wetu tukisinzia. Nililikumbuka jioni yake. Saa ile nilikumbuka ng'ombe tu, na ng'ombe akichelewa kuzaa tuna sindano ya kuongeza uchungu.

"Nenda duka la dawa za mifugo," nikamwambia. "Waambie wakupe sindano ya uchungu. Wao watakuchomea."

"Kiasi gani?"

"Wao wanajua."

Hawakujua. Muuzaji alijua kipimo cha ng'ombe, akapunguza kwa kukisia, akachoma. Na hata kipimo kingekuwa sahihi, hupaswi kuongeza nguvu ya kusukuma kabla hujajua mlango wa kizazi uko wazi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Unapochoma sindano ile kwa mbwa wa namna hiyo, unamlazimisha asukume ukuta.

Yaliyofuata aliyaandika mwenyewe, saa kwa saa, kwenye barua nitakayoieleza. Nikiisoma huwa napata hasira, na sijui niikasirie nani kwanza.

Alimweka Tangawizi kwenye beseni la kufulia, akamfunika kwa khanga, akapanda bodaboda mpaka mjini akiwa amelishika beseni mapajani. Alianza na kliniki ya mtu binafsi. Ilikuwa na picha ya mbwa mweupe mwenye utepe ukutani, picha kubwa. Binti wa mapokezi alimpa fomu. Iliuliza mnyama ni wa aina gani, ana umri gani, na je, ana bima. Mwalimu akajaza huku damu inachuruzika kwenye beseni. Fomu ilipokwisha ndipo akaambiwa daktari amekwenda kwenye kambi za watalii na upasuaji wa mbwa unafanyika Ijumaa, kwa miadi.

"Mpaka Ijumaa atakuwa amekufa," Mwalimu alimwambia.

"Basi piga kwanza simu kuhakikisha kama nafasi ipo," binti akajibu.

Kutoka hapo akaja ofisini kwetu. Daktari wetu, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na ruhusa ya kupasua, alikuwa semina. Mimi nilikuwa kwenye kibanio. Alimkuta karani, mtu mpole, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Karani akatazama beseni, akatazama daftari la wagonjwa.

"Mwalimu, sisi hapa tunaandika mifugo. Huyu nikimwandika, nitamweka safu gani? Jaribu kule kwa watu wa wanyama."

Akaenda kwa watu wa wanyama, yaani ofisi ya wanyamapori, geti la tatu kutoka kwetu. Askari wa getini akafunua khanga, akafunika.

"Dada, huyu siyo mnyamapori. Rudi kwa mifugo."

Hivyo ndivyo mbwa alivyokaa juani, kati ya mageti mawili, siyo mfugo wala mnyamapori. Miaka yote ya kazi yangu nimesikia viongozi wakizungumzia ushirikiano wa idara. Siku ile idara zilishirikiana vizuri sana kumrudisha.

Saa tisa alasiri nikasikia bodaboda inakuja kwenye kibanio. Mwalimu alishuka na beseni. Alikuwa bado amevaa sare ya walimu ya Jumanne, imelowa damu mapajani. Hakupiga kelele. Aliweka beseni chini mbele yangu, akasema, "Nimekufuata."

Niliacha ng'ombe. Wafugaji wakaanza kunung'unika, mmoja akasema kwa sauti, "Daktari, ng'ombe wangu wanangoja mbwa?" Mzee aliyekuwa karibu yake akamwambia anyamaze. Nilinawa mikono kwa sabuni na maji ya jerikeni, nikapiga magoti. Ufizi wa Tangawizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Alinitazama, akagusisha mkia chini mara moja, kwa adabu tu, kama anavyofanya mbwa aliyelelewa vizuri.

Nikamgusa mtoto kwa ncha ya kidole. Alikuwa amekuja ubavu. Kwa kidole kimoja na uzi wa kipimajoto niliweza kumgeuza na kumtoa. Ilinichukua kama robo saa. Alikuwa amekufa muda mrefu. Nataka mlijue hilo hasa: kazi yenyewe ilikuwa ya robo saa. Haikuhitaji kisu wala ruhusa ya mtu. Ilihitaji nipinde kushoto kwenye shule.

Nyuma ya mtoto ilikuja damu nyingi, na nikajua ndani kumepasuka. Nilimwambia Mwalimu hakuna tena la kufanya. Akauliza kama anasikia maumivu. Nikasema namchoma dawa ya kutuliza. Nikamchoma. Mwalimu akakaa kwenye vumbi lile la ng'ombe, akamwekea mkono kichwani, akawa anamwambia maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa. Tangawizi alikufa kabla dawa haijafanya kazi.

Nikamwambia, "Pole, Mwalimu."

"Asante," akasema. Akafunga beseni kwa khanga, akapanda bodaboda. Mimi nikamaliza ng'ombe waliobaki. Walikuwa wengi na wote wakachanjwa, na taarifa yangu ya siku hiyo ilisifiwa kwenye kikao.

Barua yake ilifika wiki ya pili. Kurasa mbili, mwandiko wa mwalimu wa darasa la pili, ule usiokuruhusu kusingizia kwamba hukuuelewa. Hakutukana mtu. Aliandika saa, mahali na neno alilojibiwa. Mwishoni aliuliza: mwananchi mwenye mbwa katika dharura ampeleke wapi?

Kikakaa kikao. Niliona watu wazima wenye shahada wakibishana kwa dakika arobaini kama neno "mifugo" linamjumuisha mbwa. Mmoja alisema mbwa ni mfugo kwa sababu anafugwa. Mwingine akasema basi hata njiwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini sindano ya uchungu inachomwa dukani kwa maelekezo ya simu. Niliogopa waulize, na hawakuuliza, nikashukuru. Mwishowe nikaambiwa niandike maelezo yangu ili jibu liandaliwe.

Niliandika hivi: "Mteja alimfikisha mnyama kwa mtaalamu saa tisa alasiri, hali ikiwa imeshakuwa mbaya. Huduma ilitolewa mara moja."

Hakuna neno la uongo hapo. Ndiyo ubaya wa maelezo ya ofisini, unaweza kuyaandika yote kwa ukweli na mtu akaonewa. Jibu likatoka na muhuri, likimshauri mwananchi kuwahi huduma siku nyingine. Kuhusu wapi pa kuwahi, halikusema. Mimi ndiye niliyelibeba kulipeleka shuleni, maana nilikuwa naelekea huko. Nilimwachia mwalimu mkuu. Sikutaka kumkabidhi mwenyewe.

Nilijaribu kidogo baadaye. Niliomba kwenye mpango wa mafunzo watuletee mtu wa kutufundisha uzalishaji na upasuaji wa mbwa. Nikajibiwa kwamba mpango ule ni wa ng'ombe wa maziwa, nikaalikwa kwenye huo wa ng'ombe wa maziwa. Nilienda. Chakula kilikuwa kizuri. Duka la dawa nililitembelea mwenyewe, nikamkataza muuzaji kuchoma mbwa yeyote sindano ile. Akaniuliza, "Lakini si wewe ndiye uliyemtuma?" Mbele ya wateja. Nikasema ndiyo, ni mimi.

Miezi mitatu ikapita, ikaja kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Natta walikuja wengi, kamba za katani, minyororo, mbwa mmoja kafungwa kwa mkanda wa suruali ya mwenyewe. Nilitazama foleni mara kadhaa. Mwalimu Tumaini hakuwemo. Tulipofunga nikabeba boksi la barafu, nikatembea mpaka nyumba ya mwisho.

Alikuwa anapepeta maharage kibarazani. Hata siku ile hakuacha kuniamkia. Nikasema marahaba, nikabaki nimesimama kwa sababu hakunikaribisha kiti. Nyuma yake akatokea mbwa mdogo mwekundu, masikio yamelala, akanibwekea kwa ujasiri wote aliokuwa nao.

"Wale wawili wa alfajiri, mmoja alikufa siku ya tatu," Mwalimu alisema. "Huyu alikubali maziwa ya mbuzi. Anaitwa Jumanne."

Nikamwambia nimekuja kuhusu barua. Yale maelezo niliyaandika mimi, na hakuchelewa yeye. Nilichelewa mimi, na ile sindano nilimtuma mimi bila kumwona mgonjwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njiani, yakatoka yamevurugika.

Aliendelea kupepeta. Kisha akaweka ungo chini.

"Barua niliielewa, Bwana Mifugo. Nafundisha watoto kusoma. Mimi sikuuliza nani mkosaji. Niliuliza saa moja ile asubuhi ningempeleka wapi."

"Kwangu," nikasema.

"Nilikupigia."

Nikaanza kutaja ng'ombe, nikaacha. Hakunisaidia, na hakupaswa kunisaidia. Mbwa mdogo alikuwa amechoka kubweka, sasa ananusa viatu vyangu, vyenye harufu ya mbwa wote wa kata ile. Mwalimu akajipangusa mikono. Akainama, akamwinua, akamshika vizuri kifuani, mkono mmoja chini ya taya kama nilivyomwonyesha mwaka ule wa kwanza na mama yake.

"Mchanje," akasema. "Leo umefika."

Nikapiga magoti pale kibarazani, nikafungua boksi.